Makengeza Hayangoji Mtoto Akue

"Akikua yataisha," huambiwa mzazi wa mtoto mwenye makengeza, na kwa kichanga neno hilo lina ukweli wake: miezi mitatu ya mwanzo macho huweza kupishana, kwani ubongo haujajifunza kuyaongoza pamoja. Yakibaki hivyo baada ya mwezi wa nne, kungoja ni hasara. Ubongo unaoletewa picha mbili zisizolingana hushika moja na kuipuuza nyingine, na jicho linalopuuzwa hufifia ingawa lenyewe ni zima. Ndilo liitwalo jicho vivu. David Hubel na Torsten Wiesel, washindi wa Tuzo ya Nobel mwaka 1981, walionyesha kwa paka wachanga kwamba jicho likizibwa mapema, nafasi yake ubongoni hutwaliwa na mwenzake. Kwa mtoto, baada ya miaka saba au minane kuirudisha nafasi hiyo ni kazi ngumu, ingawa wapo wanaofaidika hata baadaye.

Mtu wa Tunduma atauliza, na ana haki, nani atafunga biashara mpakani ampeleke mtoto Mbeya, pengine hadi Dar es Salaam au Moshi, kwa upasuaji? Lakini si kila makengeza huishia kwenye kisu. Mengi yanayotokana na kutoona vizuri karibu hunyooshwa na miwani peke yake. Jicho vivu nalo hutibiwa kwa kuliziba lile zima: utafiti wa Marekani wa mwaka 2003 ulikuta kwamba, kwa tatizo la wastani, saa mbili kwa siku zilifaa sawa na sita. Kugundua ni rahisi zaidi. Mtoto anapopelekwa kliniki kwa chanjo ya surua na rubela akiwa na miezi tisa, mmulike kwa tochi hafifu. Nukta ya mwanga ikae mahali pamoja katika mboni zote mbili. Mboni iking'aa nyeupe, aonwe wiki hiyohiyo, maana yaweza kuwa saratani.

Wapo wanaosema upasuaji kwa mtu mzima ni urembo tu. Sikubaliani nao: macho yaliyonyooka huwaondolea wengi kuona vitu viwiliviwili, na humrudishia mtu uwezo wa kumtazama mwenzake usoni. Makengeza yakimjia mtu mzima ghafla, yaweza kuwa dalili ya kisukari, kiharusi au jeraha la kichwa, kwa hiyo aende hospitali siku hiyohiyo. Na katika upasuaji jicho halitolewi nje, kama wengi wanavyohofu. Daktari hukaza au kulegeza misuli iliyoshikana nalo.