Fahamu: Tumbusi ndevu, ndege anayeishi kwa mifupa

Ndege mkubwa akielea juu ya mbuga ya Ruma, Homa Bay, au juu ya mashamba ya Migori, usikimbilie kusema ni tumbusi ndevu. Makao yake hapa Kenya ni miamba ya juu kama ya Mlima Kenya na Mlima Elgon, na hata huko ni adimu.

Utamtambuaje? Tumbusi wengi wana shingo tupu. Huyu ana manyoya hadi kichwani, na nywele nyeusi zinaning'inia chini ya mdomo. Mabawa yakitandazwa hupita mita 2.3, na mkia ni mrefu, umechongoka. Kifua cheupe hugeuka rangi ya kutu kwa sababu hujipaka tope lenye chuma. Sababu yenyewe wataalamu bado wanaibishania.

Chakula chake kikuu ni mifupa. Mdogo humezwa mzimamzima. Mkubwa hupandishwa angani na kuangushwa mwambani, tena na tena, hadi upasuke. Tindikali ya tumboni humalizia kazi.

Kinachomwua zaidi ni sumu inayotiwa kwenye mizoga kulenga fisi na simba. Ukikuta tumbusi yeyote amekufa kando ya mzoga, usimguse. Wajulishe Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Kenya (KWS).