Mtupo Huru Usidharauliwe

Wapenzi wa mpira wa vikapu humshangilia mno mchezaji arukaye juu na kuutumbukiza mpira kwa kishindo. Lakini aliyechezewa ngware anaposimama kwenye mstari kupiga mitupo yake huru, wengi hugeuka wakapiga soga. Nionavyo mimi, hiyo ni dharau, na inasikitisha zaidi inapowaambukiza makocha.

Hebu tuutazame mtupo wenyewe. Mstari u mita 4.6 kutoka kwenye ubao, nacho kikapu ki mita 3.05 kutoka ardhini. Hakuna mpinzani anayeruhusiwa kumzuia mpigaji. Kila mtupo una pointi moja tu, lakini wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba.

Anayedhani natia chumvi na azikumbuke fainali za ligi ya NBA ya Marekani za mwaka 1995. Katika mchuano wa kwanza, Orlando Magic waliwaongoza Houston Rockets kwa pointi tatu, zikiwa zimesalia sekunde 10 hivi. Nick Anderson wa Orlando alipewa mitupo miwili, akaikosa. Akaunyakua mpira uliorudi, akachezewa ngware tena, akapewa mingine miwili. Nayo akaikosa. Laiti mmoja tu ungaliingia, mtupo wa pointi tatu usingaliwatosha Houston kusawazisha. Badala yake Kenny Smith aliupiga, mchezo ukaingia muda wa ziada, na Houston wakashinda 120-118. Hatimaye walitwaa ubingwa kwa michuano minne kwa nunge.

Wako watakaosema kwamba hicho ni kipaji cha kuzaliwa nacho. Sikubaliani nao. Giannis Antetokounmpo wa Milwaukee Bucks alidhihakiwa na mashabiki mwaka 2021 kwa udhaifu wake mstarini. Hata hivyo, katika mchuano wa sita wa fainali za mwaka huo alifunga mitupo 17 kati ya 19. Timu yake iliwashinda Phoenix Suns 105-98, ikatwaa ubingwa iliokuwa imeukosa kwa miaka 50. Tofauti ilikuwa pointi saba tu. Msomaji na afanye hesabu mwenyewe.

Funzo hili lazihusu hasa shule zetu, ambazo nyingi hazina viwanja vya fahari. Zoezi la mitupo huru halihitaji ukumbi wala mamilioni ya pesa. Kikapu kimoja na mpira mmoja vyatosha. Ningewashauri makocha waliweke mwishoni mwa mazoezi, miguu ikiwa imechoka na wenzake mpigaji wakimzomea, kwani hivyo ndivyo hali ilivyo dakika za mwisho za mchuano.

Vijana wetu hukimbia jasho likiwatiririka muda wote wa mchezo. Si haki jasho hilo lipotee bure kwa sababu hakuna aliyewafunza kusimama, kuvuta pumzi na kutupa.