Makaburi Yageukapo Bustani

Eldoret ilipewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024. Baadaye nilipanda huko kuzuru kaburi la mjomba wangu, mtu wa Lamu aliyefungua duka zama wenyeji wangali wakiuita mji huo Sisibo, yaani Sitini na Nne, nambari ya shamba ulikozaliwa.

Nyasi zilifika kiunoni. Mjukuu wake akaniambia, "Ami, hapa pangefaa bustani. Watu wangepata kivuli, na marehemu wangepata wageni."

Nilitaka kumkemea, nikakumbuka habari za London.

Katika mtaa wa Bishopsgate lipo kanisa la Mtakatifu Botolph. Zamani Wakristo wa huko walizikana uani mwa makanisa, kaburi juu ya kaburi, hata watu wakaogopa maradhi. Mwaka 1852 Bunge likapitisha sheria ya kufunga makaburi ya mjini. Mwaka 1863 kasisi William Rogers akaugeuza ua wa kanisa hilo kuwa bustani ya watu wote, na wako waliompinga. Mwaka 1884 ikaja sheria nyingine, kukataza kujenga juu ya makaburi yaliyofungwa, isipokuwa kupanua nyumba ya ibada. Basi bustani zile zikawa ngome: walio hai wakapata pa kupumzika, nao wafu wakasalimika na madalali wa viwanja. Na ajabu, kando ya miti ile iko hamamu ya Kituruki ya mwaka 1895, ina kuba na vigae kama vya nchi za Kiislamu.

Lakini sisi tuna adabu zetu. Mtume wetu (S.A.W.) alikataza kukalia kaburi, na ardhi ya wakfu haigeuzwi kwa matamanio ya mtu. Benchi juu ya kichwa cha mjomba sikubali.

Hata hivyo, nyasi za kiunoni nazo si heshima. Jiji changa lina njaa ya ardhi, na kiwanja kilichosahauliwa ndicho kinyakuliwacho kwanza. Nikamwambia kijana: tufyeke njia, tupande miti kandokando ya ukuta, tuandike majina, na hati ya wakfu itafutwe mapema. Benchi likae nje ya lango.

Kesho yake baada ya alfajiri alikuja na mapanga mawili. Nikachukua moja.

Nawe msomaji, uwe Malindi au Mombasa, kaburi la mzazi wako ulilizuru lini?