Santuri za Jazz Huru na Thamani ya Toleo la Pili

Katika muziki ulioandikwa kwa nota, kazi ya mtunzi hubaki kwenye karatasi hata kama hakuna anayeipiga, na bendi yoyote inayokuja baadaye inaweza kuifufua. Lakini katika jazz, na hasa katika tawi lake linaloitwa jazz huru, sehemu kubwa ya kazi hubuniwa papo hapo na wapigaji wenyewe, hivyo kinachobaki wapigaji wanapofungasha ala zao ni kanda ya sauti na santuri iliyotengenezwa kutokana nayo. Ndiyo maana ukusanyaji wa santuri za muziki huu una uzito kuliko burudani ya kawaida, kwani anayeitunza santuri ya aina hii anaitunza tungo yenyewe, ambayo haikuandikwa mahali pengine popote.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaposikia neno jazz huenda akakumbuka Morogoro Jazz, Western Jazz au OK Jazz ya Kinshasa, bendi za dansi zilizojipa jina hilo kwa kuwa lilikuwa na sifa ya usasa mjini. Jazz inayozungumziwa hapa ni ile iliyoanzishwa na Wamarekani weusi wa New Orleans, ambayo santuri yake ya kwanza, kwa dhuluma ya nyakati zile, ilirekodiwa New York mwezi Februari 1917 na bendi ya Wazungu watupu. Kwa miongo mitatu iliyofuata santuri ilizunguka mara 78 kwa dakika na upande mmoja ulibeba muziki wa kama dakika tatu, kiasi kwamba mpiga saksafoni aliyezoea kubuni kwa robo saa klabuni alilazimika kujibana studioni. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ilitoa santuri ndefu, inayozunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika na kubeba dakika 20 na ushei kila upande, na hapo ndipo albamu, yaani muziki uliopangwa usikilizwe kwa pamoja kama kitu kimoja, ilipopata umbo ambalo wakusanyaji wanalijua hadi leo.

Umbo hilo lilimwezesha mpiga saksafoni Ornette Coleman kufanya, tarehe 21 Desemba 1960, jambo ambalo lisingewezekana katika santuri ya dakika tatu. Akiwa na wenzake saba aligawa bendi katika makundi mawili ya watu wanne wanne, kundi moja likisikika kutoka spika ya kushoto na jingine kutoka ya kulia, wakapiga kwa takriban dakika 37 bila kukatisha na bila kufuata kodi zilizopangwa, yaani ule mpangilio wa sauti zinazoandamana ambao kwa kawaida humjulisha mbunifu wimbo umefika wapi. Kampuni ya Atlantic iliitoa kazi hiyo mwaka 1961 kwa jina la Free Jazz, na jina la albamu likawa jina la mkondo mzima. Hata santuri ndefu, hata hivyo, haikuitosha: ilibidi muziki ukatwe katikati ili msikilizaji ainuke kugeuza upande, na ni matoleo ya CD ya miaka ya baadaye yaliyoiunganisha tena ikasikika kwa mfululizo kama ilivyopigwa. Wapo wakusanyaji wanaoamini kwamba toleo la kwanza ndilo la kweli daima na kwamba yote yanayofuata ni nakala hafifu, lakini Free Jazz inawapinga kwa ushahidi wa masikio.

Huko Ulaya wanamuziki kadhaa walivuka hata mpaka aliofika Coleman. Muziki wa kubuni huru, kama ulivyopigwa na kutetewa na mpiga gitaa Mwingereza Derek Bailey (1930–2005), hauna wimbo wa kuanzia wala mapigo ya kudumu, na haujifungi kwa desturi yoyote ya muziki inayotambulika, hata ile ya jazz. Wapigaji huanza bila makubaliano na kujenga kila kitu kwa kusikilizana. Muziki wa namna hiyo haukuwa na soko kwa kampuni kubwa, kwa hiyo wanamuziki wakaanzisha lebo zao wenyewe, ICP mjini Amsterdam mwaka 1967, FMP mjini Berlin mwaka 1969 na Incus mjini London mwaka 1970. Kabla ya FMP kuanza, mpiga saksafoni Mjerumani Peter Brötzmann alikwisha kurekodi Machine Gun akiwa na bendi ya watu wanane, Mei 1968 mjini Bremen, akaitoa mwenyewe kwa nakala 300 tu. Nakala hizo leo ni adimu mno, ila sifa ya albamu hiyo ilienea kwa sababu FMP iliitoa upya, kwani watu 300 wasingeweza kuieneza dunia nzima. Albamu ya kwanza ya Incus, The Topography of the Lungs, iliyowakutanisha Bailey, mpiga saksafoni Evan Parker na mpiga ngoma Mholanzi Han Bennink, ilikosekana kwa miaka mingi baada ya Bailey na Parker kutengana, hadi Parker alipoitoa tena mwaka 2006 kwenye lebo yake ya psi, Bailey akiwa amefariki Desemba iliyotangulia.

Mkusanyaji mzoefu anapoletewa santuri haanzi na jalada. Huitoa kwenye mfuko wake, huishika kwa kingo ili vidole visiguse mifereji, huiinamisha chini ya taa na kusoma ile sehemu laini iliyo kati ya mfereji wa mwisho na karatasi ya katikati, kwa sababu hapo ndipo mafundi hutia alama zao. Katika santuri za Blue Note, kampuni iliyoanzishwa New York mwaka 1939 na mhamiaji kutoka Berlin, Alfred Lion, herufi RVG humaanisha kwamba kazi ilichongwa na Rudy Van Gelder, fundi sauti aliyeanza kurekodi katika sebule ya wazazi wake huko Hackensack, New Jersey, kabla ya kuhamia studio aliyoijenga Englewood Cliffs mwaka 1959. Na alama ndogo ambayo wakusanyaji huiita sikio ni ya kiwanda cha Plastylite, kilichofyatua santuri za Blue Note hadi kampuni hiyo iliponunuliwa na Liberty katikati ya miaka ya 1960. Kwa alama mbili hizo mnunuzi hujua kama anachoshika ni cha miaka ile au ni cha baadaye, na tofauti ya bei inaweza kufika maelfu ya dola.

Mara nyingine alama ya sehemu hiyo hueleza jambo kubwa kuliko umri na bei. Tarehe 28 Juni 1965 mpiga saksafoni John Coltrane alikusanya wapigaji kumi katika studio ya Van Gelder, yeye akiwa wa kumi na moja, wakarekodi Ascension mara mbili, kila mara kwa karibu dakika 40 za sauti nzito ambamo bendi nzima hulipuka pamoja, kisha mpigaji mmoja mmoja hujitokeza na kumezwa tena na kundi. Kampuni ya Impulse iliitoa albamu mwaka 1966 ikitumia mapigo ya mara moja kati ya hizo mbili. Coltrane aliona kuwa yaliyochaguliwa siyo aliyoyataka, na santuri zilizofyatuliwa baadaye zikabeba mapigo mengine, ilhali jalada na jina vilibaki vilevile. Ishara pekee ya badiliko hilo ilikuwa maneno EDITION II yaliyochorwa kwenye sehemu laini ya santuri. Watu wawili waliweza basi kubishana juu ya Ascension, mmoja akisifu ngoma za Elvin Jones anapoachiwa nafasi ya kupiga peke yake na mwingine akiapa kwamba nafasi hiyo haipo, na wote wawili wakawa wanasema kweli, kwa sababu walimiliki muziki tofauti ndani ya majalada yanayofanana. CD za baadaye ziliyaweka mapigo yote mawili pamoja, na kwa mtu anayetaka kuielewa kazi hiyo, toleo hilo la bei nafuu lina faida kuliko santuri yoyote moja ya mwaka 1966.

Toleo jipya, hata hivyo, huwa zuri kwa kadiri ya chanzo chake. Santuri bora hutengenezwa kutokana na kanda mama, yaani kanda ya kwanza iliyotoka studioni, na kila nakala ya kanda inaponakiliwa tena kitu fulani cha sauti hupotea. Kanda huungua, hutupwa, na wakati mwingine hupatikana pasipotarajiwa. Kazi aliyoirekodi Coltrane na bendi yake ya watu wanne tarehe 6 Machi 1963 ilitoweka katika ghala la kampuni, ikasalimika katika nakala ambayo Coltrane mwenyewe alikuwa ameipeleka nyumbani na ambayo familia ya mke wake wa kwanza, Naima, iliihifadhi; ikatolewa mwaka 2018 kwa jina la Both Directions at Once, miaka 51 baada ya kifo chake. Albamu hiyo ni mpya na ni ya kale kwa wakati mmoja, na mkusanyaji anayenunua matoleo ya kwanza peke yake hana namna nyingine ya kuipata isipokuwa kununua santuri ya karne hii.

Yapo pia matoleo mapya yasiyostahili kununuliwa. Sheria za Umoja wa Ulaya zililinda rekodi kwa miaka 50, na muda huo ulipoongezwa kuwa miaka 70 mwaka 2013, rekodi zilizotolewa hadi mwaka 1962 zilikuwa zimekwisha kutoka kwenye ulinzi na hazikurudishwa. Kampuni kadhaa hutumia mwanya huo kufyatua santuri za jazz ya miaka ya 1950 bila kanda mama na bila kumlipa yeyote, mara nyingi zikinakili tu CD ya kampuni nyingine na kuuza nakala hiyo kwa jalada la kupendeza. Kampuni makini huandika kwenye jalada kanda iliyotumika, fundi aliyeichonga na mwenye haki ya muziki, kama ilivyofanya kampuni ya Mosaic tangu mwaka 1983, ambayo hukodi haki kutoka kwa wenyewe na kutoa seti zenye kijitabu cha historia kwa idadi maalumu. Jalada lisilosema lolote kuhusu chanzo cha sauti limekwisha kusema la kutosha.

Suala la malipo ndilo linalopaswa kumwongoza mkusanyaji kuliko uzuri wa jalada au uadimu wa namba. Santuri ya mwaka 1964 inapouzwa mnadani kwa dola elfu mbili, aliyeipiga na warithi wake hawapati hata senti moja. Toleo jipya lililotolewa kihalali hulipa mrabaha, au angalau huwapa wenye haki msingi wa kuudai. Wanamuziki wenyewe waliliona hili mapema. Mwaka 1971 Charles Tolliver na Stanley Cowell walianzisha New York lebo ya Strata-East, ambapo msanii aligharimia rekodi yake na kubaki na umiliki wake, mpango uliokuwa nadra sana kwa Wamarekani weusi katika biashara hiyo.

Kuna pingamizi moja zito dhidi ya kazi yote hii, nalo lilitolewa na mtunzi Mwingereza Cornelius Cardew, aliyekuwa mwanachama wa kundi la AMM la London: kwa maoni yake, rekodi ya muziki wa kubuni papo hapo ni kitu kitupu, kwa sababu huhifadhi umbo la sauti na kuacha mahali na saa iliyozizaa. Hoja hiyo ina ukweli, na mtu aliyewahi kukaa mita mbili kutoka kwa mpigaji anayetafuta sauti yake ataikubali nusu. Lakini bila rekodi, Mwafrika, Mjapani au kijana aliyezaliwa baada ya wapigaji kufa asingekuwa na njia yoyote ya kuwafikia, na muziki ungebaki mali ya wachache waliokuwa na nauli ya kufika London.

Kwa msomaji wa Kiswahili yako pia mambo ambayo mkusanyaji wa Marekani hawezi kuyasikia kwa masikio yaleyale. Novemba 1960, mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, mpiga piano Randy Weston alirekodi Uhuru Afrika, kazi ya bendi kubwa iliyopangwa na Melba Liston, ambayo si jazz huru kwa mtindo ila ilitangulia kutaja uhuru wenyewe; shairi la Langston Hughes linaloifungua lilisomwa kwa Kiswahili na Mtanganyika Tuntemeke Sanga, na serikali ya Afrika Kusini iliipiga marufuku albamu hiyo mwaka 1964. Miaka kumi baadaye Kiswahili kilikuwa kimeenea katika majina ya jazz. Albamu ya Kawaida, iliyorekodiwa Desemba 1969 kwa mchango mkubwa wa tungo za James Mtume, ilichukua jina la falsafa ya mwanaharakati Mmarekani mweusi Maulana Karenga, iliyoazima mengi kutoka Ujamaa wa Mwalimu Nyerere; mpiga saksafoni Frank Wright alitoa Uhuru na Umoja mjini Paris mwaka 1970; na mwaka 1971 mpiga piano Herbie Hancock alitoa Mwandishi, jina la Kiswahili alilokuwa amelichukua, akiwa na wenzake walioitwa Mchezaji, Jabali, Mganga, Mwile na Pepo Mtoto. Historia hii inagusa Dar es Salaam moja kwa moja, na inasikitisha kwamba nyumbani kwa lugha yenyewe haisikiki sana.

Msomaji anayetaka kuanza basi na aanze hapo: atafute Uhuru Afrika katika toleo lolote halali, aisikilize kutoka mwanzo hadi mwisho bila kufanya shughuli nyingine, kisha aende Mwandishi, na baada yake Ascension katika CD yenye mapigo yote mawili. Asinunue kitu kabla ya kusoma jalada na kujua muziki umetoka kwenye kanda ipi na fedha zinakwenda kwa nani. Toleo la kwanza la bei ghali linaweza kungoja.