Ruzuku Ndogo ni Amana Kubwa

Watu wengi wakisikia ya kwamba kikundi cha kijiji chao kimepata fedha za maendeleo kutoka nje, hudhani kwamba kazi ngumu imekwisha. Maombi yameandikwa, yamekubaliwa, na kilichobaki ni kutumia tu. Katika makala haya twapenda kuwaonyesha wasomaji wetu, hasa vijana ambao aghalabu ndio wafanywao makatibu na watunza hazina, ya kwamba mambo ni kinyume cha hayo. Kuomba fedha ni kazi ya miezi michache. Kuzitunza ni kazi ya kila siku, nayo ndiyo iamuayo kama kikundi kitasimama au kitavunjika.

Yafaa kwanza tufahamu ruzuku ni kitu gani. Ruzuku si mkopo, kwa kuwa hairudishwi; wala si zawadi, kwa kuwa aipokeaye hana ruhusa ya kuitumia apendavyo. Hutolewa kwa kazi iliyotajwa, mahali palipotajwa, kwa muda uliotajwa. Kwa watu wa pwani, mfano ulio karibu nayo ni mali ya wakfu: aliyeiweka ameweka sharti, na msimamizi hana uwezo wa kuligeuza sharti hilo kwa sababu tu yeye ndiye ashikaye ufunguo.

Miongoni mwa ruzuku zijulikanazo sana ni zile za Programu ya Ruzuku Ndogo ya Mfuko wa Mazingira wa Dunia. Programu hii ilianzishwa mwaka 1992, mwaka uleule ambao wakuu wa mataifa walikutana Rio de Janeiro kuzungumza juu ya mazingira. Mfuko wenyewe una makao yake Washington, na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, lenye makao New York, ndilo lililokabidhiwa kuiendesha programu tangu mwanzo wake. Ilianza katika nchi 33, kisha ikaenea katika nchi zaidi ya 120, Kenya na Tanzania zikiwamo. Kwa miaka mingi kiwango cha juu cha ruzuku moja ya kawaida kilikuwa dola za Marekani 50,000, na vikundi vingi vilipewa chini ya hapo.

Sasa, mtu aliye Washington atajuaje kama kikundi cha wavuvi kiko kweli, au kimeandikwa karatasini tu? Hawezi kujua. Ndiyo sababu mpango huu uliwekwa mikononi mwa ofisi ndogo katika kila nchi. Humo mna mratibu, na kwa kawaida msaidizi wake. Lakini hao hawaamui peke yao nani apewe na nani anyimwe. Iko kamati ya taifa ambayo wajumbe wake wengi si watumishi wa serikali, bali ni watu wa jumuiya za hiari, vyuo na kadhalika, nao huifanya kazi hiyo bila mshahara. Kamati ndiyo isomayo maombi na kutoa uamuzi.

Faida ya utaratibu huu ni dhahiri. Mratibu ajua lugha ya watu, ajua mvua zanyesha lini, na aweza kupanda basi akaenda kutazama kwa macho yake. Lakini ukaribu una pande mbili. Ajuaye watu, watu nao wamjua. Mjomba aweza kumwendea, na rafiki wa shuleni aweza kupiga simu. Kwa hiyo yapasa mjumbe yeyote mwenye uhusiano na kikundi kinachoomba atoke katika kikao siku ile, na sababu za kukubali au kukataa ziandikwe. Haki isiyoandikwa husahaulika, na upendeleo hupenya mahali pasipo na maandishi.

Na tuchukue mfano. Kilimo cha mwani wa kuuza kilianza Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wake wengi ni wanawake. Maji ya pwani yalipozidi joto, mwani ule wenye bei nzuri ulianza kufa katika maji madogo. Tuseme, basi, kikundi cha kinamama 25 kimepewa shilingi 30,000,000 ili kijaribu kulima katika maji ya kina zaidi na kujenga vichanja vya kuanikia. Fedha hizi hazitolewi zote kwa mara moja. Mkataba waweza kusema: 15,000,000 baada ya kutia sahihi, 12,000,000 baada ya taarifa ya kwanza kukubaliwa, na 3,000,000 za mwisho baada ya taarifa ya kumalizia. Taarifa ikichelewa, fedha nazo huchelewa, na bahari haimngoji mtu.

Kadhalika, kikundi hutakiwa kuonyesha mchango wake wenyewe, nao si lazima uwe wa fedha. Kinamama hao 25 wakifanya kazi siku 2 kwa wiki kwa muda wa wiki 20, hizo ni siku 1,000 za kazi. Zikihesabiwa kwa shilingi 10,000 kwa siku, ni mchango wa shilingi 10,000,000. Lakini mchango huo wajulikanaje kama hakuna orodha ya mahudhurio? Jasho la watu wengi limepotea katika hesabu kwa kukosa daftari la nusu saa.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi Waislamu twajua ya kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, yaani aya ya 282 ya Surat al-Baqara, yahusu kuandika madeni, kuwa na mwandishi mwadilifu, na kuweka mashahidi. Basi haimpasi mtu kuona haya kumwomba ndugu yake risiti, wala kukasirika akiombwa.

Kwa watunza hazina twashauri haya. Kwanza, fedha ziwekwe benki kwa jina la kikundi, na kuzitoa kuhitaji sahihi za watu wawili au watatu wasio wa nyumba moja. Pili, kila malipo yawe na hati yake. Na fundi au mwenye ngalawa asiye na risiti aandikiwe hati ya malipo, atie sahihi au dole gumba mbele ya shahidi. Tatu, kabla ya kununua kitu kikubwa, bei ziulizwe kwa wauzaji watatu. Nne, ikiwa haja imebadilika, kwa mfano kamba zimepanda bei, ofisi iandikiwe na idhini ipatikane kabla ya kutumia, si baada. Tano, hesabu zisomwe kwa sauti mbele ya wanachama wote kila mwezi, ili hata asiyejua kusoma ajue kilichoingia na kilichotoka.

Twasisitiza jambo moja. Si kila kikundi huvunjwa na mwizi. Vingi huvunjwa na mtu mwema. Mwenyekiti amefiwa, au mwanachama ana mgonjwa, na fedha ziko benki. Wakasema, tuazime laki tatu, tutarudisha mavuno yakija. Mavuno yakaja haba. Mwezi wa taarifa ukafika, risiti hazitoshi, watu wakaanza kutazamana, na urafiki wa miaka mingi ukaharibika. Huruma kwa mali isiyo yako si huruma. Kikundi kitakacho kusaidiana katika misiba na kichange mfuko wake mbali, kidogo kidogo, wala kisiuguse ule wa ruzuku.

Ofisi nayo ina wajibu wake. Ikichelewesha malipo mpaka msimu ukapita, imeiua kazi hata kama hesabu zake ni safi. Ikidai taarifa za kurasa nyingi kwa lugha wasiyoijua wanakijiji, itapata taarifa zilizoandikwa na watu wa mjini wasiopata kukanyaga maji. Na itenganishe kushindwa na hiana. Mwani waweza kuchukuliwa na dhoruba. Kikundi kilichosema kweli juu ya hasara hiyo ni bora kuliko kile kilicholeta picha nzuri na risiti za uongo.

Vijana wetu wengi hutafuta mambo makubwa ya kuwatumikia watu wao. Hili la kushika daftari laonekana dogo, wala halipigiwi makofi. Lakini kijiji kilichotunza vyema shilingi 30,000,000 chaweza kuaminiwa kwa zaidi, na kilichozipoteza hufunga mlango kwa watoto wake pia. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa watimizao amana.