Nasaba ya Shati na Sketi

Mtu akipita Mwisenge, mjini Musoma, asubuhi, karibu na shule ile aliyoingia Mwalimu Nyerere mwaka 1934, atawaona watoto wakienda darasani, wavulana kwa wasichana wamevaa mashati meupe, na wasichana wameongeza sketi za buluu. Wala aghlabu haimpitikii kuwa kila binti yule amevaa neno moja mara mbili.

Maana maneno haya, tuliyoyapokea kwa Waingereza, ni ndugu wa tumbo moja. Waingereza wa kale walikuwa na neno lao, scyrte, na watu wa Skandinavia waliovuka bahari na kulowea katika nchi yao katika karne ya 9 walikuja na lao, skyrta. Na yote mawili ni ya shina moja la kale lenye maana ya kukata. Skyrta nayo ilikuwa shati, lakini kule Uingereza ikateremka kiunoni, hata ndugu mmoja akastiri kifua na mwenziwe akastiri miguu, wakapoteana.

Asili hiyo ya kukata si ngeni kwetu. Shuka hutoka dukani ikafungwa ilivyo, bali shati halipatikani pasipo mkasi. Nenda kwa fundi cherehani yeyote wa Bunda, wilaya ya wakulima wa pamba, utamkuta kwanza anakata, ndipo ashone.

Kiswahili nacho kimeyakata maneno haya kwa kipimo chake: shati kimelitia katika ngeli moja na koti na gauni, tukasema mashati haya, sketi kimeiweka pamoja na kanzu na suruali, tukasema sketi hizi. Na suruali yenyewe tuliipata kwa Waarabu, nao waliipata kwa Waajemi.

Mwalimu, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 na kuzikwa huko mwaka 1999, alipotoa tafsiri ya mchezo wa Shakespeare mwaka 1969, aliiita Mabepari wa Venisi, na neno bepari asili yake ni Bara Hindi. Hakulionea haya, kwa kuwa lilikwisha kuwa letu.

Basi, enyi walimu wa Mara, mkiwakagua watoto asubuhi kama mashati yao yamefuliwa, waambieni na nasaba yake, wapate kujua kuwa lugha haipungui kwa kupokea, madhali inajua kukata na kushona yenyewe.