Mkonge wa Magoma na pesa ya kuthibitisha wazo

Bonde la Lwengera limebanwa kati ya Usambara Magharibi na Usambara Mashariki. Anayetoka Lushoto, kwenye ubaridi wa kabichi na pea, akishuka mpaka Magoma wilayani Korogwe anapokewa na joto na safu za mkonge. Ruzuku za kuthibitisha wazo, yaani pesa ya kujaribu kama wazo linafanya kazi, zinazogombewa siku hizi na kampuni changa za teknolojia, huzungumzwa zaidi kwenye kumbi za Dar es Salaam. Mimi naona zinaeleweka vizuri zaidi huku.

Mkonge wenyewe uliingia nchini kwa majaribio. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida. Iliyosalimika ni 62. Kizazi cha miche hiyo ndicho kilichoifikisha Tanganyika kwenye tani 230,000 hivi za nyuzi mwaka 1964. Kisha nyuzi za plastiki zikateka soko, na kufikia miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeporomoka.

Sasa tazama korona, mtambo unaokamua jani. Katika kila kilo mia za majani, nyuzi hazizidi nne au tano. Yanayobaki ni maji na makapi, na kwa miongo mingi yalimwagwa tu yaozee bondeni na mitoni. Yakioza pasipo hewa hutoa methani, gesi inayoweza kuendesha jenereta. Kimaandishi hesabu ilikuwa nzuri. Lakini benki gani ingemkopesha mtu mamilioni kwa ajili ya uozo?

Pengo hilo ndilo linalozibwa na ruzuku ya aina hii. Kampuni ya Katani, iliyokuwa na mashamba ya Hale, Mwelya, Ngombezi, Magunga na Magoma, ilishirikiana na serikali, shirika la Umoja wa Mataifa la UNIDO na mfuko wa kimataifa wa CFC, ukajengwa mtambo wa majaribio Hale. Ulipozinduliwa mwaka 2008 ulitajwa kuwa wa kwanza duniani kuzalisha umeme kwa mabaki ya mkonge. Jenereta yake ilikuwa ya kilowati 150 tu, ila ilitosha kujibu swali: ndiyo, makapi yanatoa umeme.

Hata hivyo, ni swali moja tu lililojibiwa, na hapo ndipo ninapotofautiana na wanaoshangilia ruzuku. Mtoa ruzuku huuliza kama kitu kinafanya kazi. Mwekezaji anayekuja baada yake ana maswali mengine. Umeme utanunuliwa na nani, na kwa bei gani? Korona ikisimama kwa kukosa majani, mtambo utalishwa nini, wakati wale bakteria wanaotengeneza gesi hawajui likizo? Pampu ikiharibika, fundi atatoka wapi? Pesa ya majaribio mara nyingi huisha kabla maswali hayo hayajaguswa.

Vijana wa leo wanapita njia hiyohiyo wakiwa na bajeti ndogo zaidi. COSTECH, tume iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, hugharamia utafiti na ubunifu. Mashindano ya ubunifu ya MAKISATU yalianza mwaka 2019. UNDP nayo ina programu ya ubunifu ya FUNGUO. Ni milango mizuri. Nje ya nchi pia ipo: Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alijinyakulia pauni 25,000 mwaka 2015 kwa chujio lake la maji, katika tuzo ya Afrika ya Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza. Lakini chujio linalosafisha maji maabara halijawa biashara mpaka mtu wa kijijini akubali kununua maji yake leo, na kesho, na mwezi ujao.

Ningekuwa mgawa ruzuku, nusu ya fedha ningeizuia mpaka mbunifu alete mteja aliyelipa kwa pesa yake mwenyewe, hata kama ni mmoja. Jaribio nalo ningetaka lifanyike palepale penye tatizo.

Kwa Magoma, liko la kupima ambalo halihitaji hata mashine. Mwaka 1999 Katani ilianza kuwagawia wakulima wadogo vipande vya mashamba, majani yao yakasindikwa kwenye korona ya kampuni, nao wakalipwa kulingana na nyuzi zilizopatikana. Makapi hayakuwa na bei, kwa hiyo hakuna aliyeuliza ni ya nani. Siku yakigeuka umeme unaouzwa, mkulima aliyekata jani hilo atadai fungu lake, na mkataba wa mgawo huo unaweza kujaribiwa msimu huuhuu kwa kalamu, mizani na kikao cha ushirika.